Kosa Limefutwa, Tatizo Limebaki: Uhakiki wa Skripti ya Kuingilia Swichi

Tukisema uhakiki, wengi wetu tunafikiria riwaya, tamthilia au filamu. Leo naomba nihakiki kazi fupi zaidi: skripti ya Python yenye mistari kama hamsini, isiyo na jina la mwandishi, inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi wa mitandao. Kazi yake ni kuingia kwenye swichi au ruta, kuandika jina la mtumiaji na nywila, kuomba mpangilio wote wa kifaa, kuuhifadhi kwenye faili, kisha kutoka na kuhamia kifaa kinachofuata. Ukiiweka ijiendeshe kila usiku wa manane, asubuhi unakuta nakala za vifaa vyote zimepangwa kwa tarehe. Ni kazi ndogo, lakini siku kifaa kikiungua, nakala hiyo ndiyo tofauti kati ya saa moja ya kazi na siku mbili za kubahatisha.

Nimekutana na skripti hii Msata. Kama hupajui, ni pale barabara inayotoka Bagamoyo, kilomita kama 64 hivi, inapoungana na barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Rafiki yangu amepanga chumba hapo kwa sababu ni katikati. Anatunza vifaa vya mtandao vya taasisi moja ambayo sitaitaja, yenye matawi Kiwangwa upande wa Bagamoyo, Lugoba upande wa Chalinze, na jingine kaskazini, ng'ambo ya Mto Wami. Yuko peke yake, ana pikipiki, ngazi na kompyuta moja.

Msimu wa masika radi ikapiga swichi ya lile tawi la ng'ambo ya Wami. Akaleta swichi nyingine, akafungua folda ya nakala, akakuta faili la jana usiku lipo. La juzi lipo, na la wiki iliyopita pia. Akafungua la jana. Ndani kulikuwa na mistari michache tu, na mmoja wao ulisomeka hivi:

% Login invalid

Yaani swichi ilikuwa ikimkataa. Alirudi nyuma faili kwa faili, karibu miezi miwili, na kila usiku ilikuwa hivyo hivyo. Na kila asubuhi skripti ilikuwa ikimwandikia kwenye skrini, kwa tawi hilo kama kwa mengine yote: "Imehifadhiwa."

Akanipigia simu. "Kaka, wewe si unasoma haya mambo? Hii kitu imenidanganya miezi miwili, niambie kwa nini."

Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa yeyote aliyewahi kukopi dawa ya kosa la herufi na kuipesti bila kuuliza inatibu nini.

Kwanza, haki yake

Mhakiki anayeanza kwa matusi hajasoma kazi vizuri. Skripti hii ina mazuri yake. Ni fupi, inasomeka, majina yake yana maana, na aliyeiandika mwanzo alijua anachofanya. Toleo la kwanza lilitumia telnetlib, maktaba iliyokuja na Python yenyewe, ikashughulikia mambo yote ya itifaki ya Telnet chinichini. Fundi hakuhitaji kujua kuna nini humo.

Tatizo lilianza pale watu wa Python walipoamua kuiondoa maktaba hiyo. Walitoa onyo kuanzia toleo la 3.11, na toleo la 3.13 lilipotoka Oktoba 2024 haikuwemo tena. Rafiki yangu alipata kompyuta mpya yenye Python mpya, skripti ikagoma mstari wa kwanza. Akauliza kwenye grupu. Mtu akamtumia toleo la pili: telnetlib imetolewa, badala yake skripti inafungua soketi ya kawaida na kusoma chochote kinachokuja. Hapo ndipo akakutana na ujumbe huu:

UnicodeDecodeError: 'utf-8' codec can't decode byte 0xff in position 0: invalid start byte

Kwa Kiswahili cha kawaida: "Nimepewa baiti yenye thamani 255, ni ya kwanza kabisa, na hakuna herufi ya UTF-8 inayoweza kuanza hivyo." Akauliza tena kwenye grupu. Toleo la tatu likaja na maneno mawili yaliyoongezwa kila mahali ambapo maandishi yanageuzwa kuwa baiti au baiti kuwa maandishi: errors="ignore". Maana yake: ukikuta usichokielewa, kifute uendelee.

Kosa likapotea, na skripti ikakimbia mpaka mwisho. Toleo hilo la tatu ndilo ninalolihakiki.

Ile 255 ilikuwa inasema nini

Kompyuta haitumi herufi, inatuma baiti, yaani namba kuanzia 0 hadi 255. Ili namba ziwe maandishi, pande mbili lazima zikubaliane namba ipi ni herufi ipi. Makubaliano hayo tunayaita usimbaji wa herufi. ASCII, iliyochapishwa Marekani mwaka 1963, ina nafasi 128 tu: herufi za Kilatini, tarakimu, alama chache, na namba kadhaa za kuamrisha mashine. UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, inabeba maandishi ya dunia nzima kwa kutumia baiti moja hadi nne kwa kila herufi, na zile 128 za ASCII zimebaki vile vile.

Uzuri wa UTF-8 ni kwamba baiti zake zina sura maalumu. Baiti inayosimama peke yake huanza na biti 0. Inayoanzisha kundi la mbili huanza na 110, la tatu 1110, la nne 11110. Zinazofuatia ndani ya kundi huanza na 10. Sasa angalia 255: kwa biti ni 11111111. Haimo kwenye sura yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo 255 haiwezi kutokea popote kwenye maandishi halali ya UTF-8.

Na Telnet? Maelezo yake rasmi, yaliyoandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds mwaka 1983, yanaitumia 255 kwa kazi moja maalumu: "Zingatia, kinachofuata ni amri, si maandishi." Swichi nyingi za Cisco ukizigonga tu kwa Telnet, kabla hazijakuuliza jina, zinatuma kitu kama hiki:

255 251 1, 255 251 3, 255 253 24, 255 253 31

Hayo ni mazungumzo ya awali. Kifaa kinasema: mimi nitarudisha unachoandika, mimi sitangoja zamu, wewe niambie terminali yako ni ya aina gani, niambie dirisha lako lina ukubwa gani. Ni kama mtu anayebisha hodi na kungoja karibu. Si herufi zilizoharibika, na si usimbaji usiojulikana. Ile programu ilipolalamika kuhusu 255, ilikuwa na haki kabisa: umenipa kitu kisicho maandishi, ukaniambia nikisome kama maandishi.

Kwa hiyo swali la "nitumie usimbaji gani ili kosa liondoke?" lilikuwa swali lisilo sahihi tangu mwanzo. Swali sahihi lilikuwa: "Hizi baiti ni za nani?"

Dawa tatu za mtaani

Ukitafuta msaada kuhusu kosa hili utapewa moja kati ya dawa tatu. Tuzipime.

Ya kwanza ndiyo ile ya kufuta. Ukizipitisha zile baiti kumi na mbili kwenye UTF-8 kwa kufuta kisichoeleweka, zinaondoka 255, 251 na 253. Lakini 1, 3, 24 na 31 zinabaki! Kwa nini? Kwa sababu ni ASCII halali: ni zile namba za kuamrisha mashine, zisizoonekana kwenye skrini. Kwa hiyo unaona neno "Username:" safi kabisa mbele yako, kumbe limetanguliwa na vivuli vinne. Ukiandika sharti kwamba maandishi yaanze na "Username", litashindwa, na utakaa saa nzima ukitazama maneno mawili yanayofanana ukijiuliza kwa nini kompyuta inasema hayafanani.

Ya pili ni kuhamia Latin-1. Watu wanaipenda kwa sababu haijawahi kutoa kosa. Sababu ni rahisi: Latin-1 imeipa kila baiti kati ya zile 256 nafasi yake, kwa hiyo hata ukiipa picha au wimbo itakusomea. 255 inakuwa ÿ, 251 inakuwa û, 253 inakuwa ý. Ukiwahi kuona ÿûÿûÿýÿý mwanzoni mwa maandishi ya kifaa, sasa unajua umeziona amri za Telnet zikiwa zimevalishwa nguo za Kifaransa. Dawa hii ni afadhali kuliko ya kwanza, kwa kuwa hakuna kinachopotea na unaweza kurudi kwenye baiti za asili. Lakini tusidanganyane: kisichoweza kukosea hakiwezi pia kukuthibitishia kwamba uko sahihi.

Ya tatu ni kuizungushia sehemu yote kinga ya try, halafu kosa likitokea, pita kimya. Hii sina la kuitetea. Ni sawa na kuchomoa taa ya onyo kwenye dashibodi kwa sababu inakusumbua macho, halafu ukaanza safari ya Arusha.

Toleo la tatu la skripti yetu lilikuwa na dawa ya kwanza na ya tatu kwa pamoja.

Ng' si mapambo

Lakini zile amri za Telnet hazikuwa zinazuia kuingia. Matawi mengine yote yaliingia vizuri na nakala zao zilikuwa kamili. Kwa nini ng'ambo ya Wami peke yake?

Fundi aliyemtangulia rafiki yangu alikuwa na utaratibu wa kulipa kila tawi nywila yake, na ya tawi hilo, kwa sababu zilizo wazi, ilianza na Ng'ambo, ikafuatiwa na namba. Imeshabadilishwa, usihangaike. Alipoondoka aliacha hati ya makabidhiano iliyoandikwa kwenye Word. Rafiki yangu alipokuwa anahamia kompyuta mpya, alikopi nywila kutoka kwenye hati hiyo na kuzipesti kwenye skripti.

Sasa, Word ina tabia ya kurembesha. Ukiandika alama iliyonyooka ya ng', inaigeuza kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kile kile. Kwa kompyuta ni vitu viwili. Iliyonyooka ni namba 39 ya ASCII, baiti moja. Iliyopinda haimo kabisa kwenye ASCII. Kwenye Unicode ni U+2019, na kwa UTF-8 inachukua baiti tatu: 226, 128, 153. Ndiyo maana kwenye baadhi ya tovuti umeshaona "ng’ombe": ni baiti hizo tatu zikisomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, kila moja kama herufi yake. Wajapani wanaita uharibifu wa namna hii mojibake.

Skripti ilikuwa inaigeuza nywila kuwa baiti kwa ASCII. Bila ile dawa ya kufuta, ingesimama hapo hapo na kusema kuna herufi \u2019 nafasi ya pili, siwezi kuigeuza. Ujumbe mbaya kwa sura, lakini wa kweli. Kwa kuwa dawa ilishamwagwa kila mahali, herufi ikafutwa kimya kimya na swichi ikatumiwa "Ngambo". Ikajibu kwamba si sahihi. Skripti haikusoma jibu, ikatuma amri zake hivyo hivyo, ikahifadhi chochote kilichorudi, ikaandika "Imehifadhiwa."

Na rafiki yangu alipokuwa akienda mwenyewe na kuandika nywila kwa kibodi, alama ilinyooka, mlango ukafunguka. Ndiyo maana hakushuku chochote.

Hapa nina neno na sisi wenyewe, wasomi wa Kiswahili na wa kompyuta. Tumezoea kusema Kiswahili hakina shida ya usimbaji, kwamba shida hizo ni za Waarabu, Wachina na Wafaransa wenye vikorombwezo. Ni kweli kwamba herufi zetu zote zinatosha kwenye ASCII. Lakini ng' ina alama ambayo kwa programu za Kiingereza ni ya uandishi, ya kurembesha tu, wakati kwetu ni sehemu ya sauti. Luganda ina ŋ kwa sauti hiyo hiyo, sisi tumebaki na ng na kistari juu. Ukikifuta, hujaondoa pambo, umebadilisha neno. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni tamaa au wivu. Ng'ara ni kumeremeta, Ngara ni wilaya mkoani Kagera. Mhariri wa kibinadamu akikuta alama asiyoielewa anauliza. Skripti yetu ilifuta, halafu ikaapa kwamba kazi imekamilika.

Nisieleweke kwamba kuhamia UTF-8 kungeokoa nywila hiyo. Kungetuma baiti tatu mahali ambapo swichi ilitunza moja, na ingekataa vile vile. Je, skripti inyooshe yenyewe kila alama iliyopinda? Hilo nalikataa pia. Kwenye maelezo ya kawaida, sawa. Kwenye nywila, hapana: skripti haina namna ya kujua mwenye nywila alikusudia nini. Isimame, iseme "nywila ya tawi fulani ina herufi isiyo ya ASCII nafasi ya tatu", na binadamu aamue.

Lugoba na mstari bandia

Nilipokuwa naipitia orodha ya vifaa niliona kituko kingine. Mstari wa kwanza ulikuwa umeandikwa "usifute huu". Nikauliza. Akacheka: "Bila huo Lugoba haiingii. Sijui kwa nini, ila ukiwa pale inaingia."

Orodha ilitoka Excel, ikahifadhiwa kama CSV ya UTF-8. Excel huweka mwanzoni mwa faili la namna hiyo baiti tatu, 239, 187 na 191, kama muhuri wa kusema "mimi ni UTF-8". Python ukiiambia isome UTF-8 ya kawaida, inauchukua muhuri kama herufi isiyoonekana na kuugandisha kwenye neno la kwanza. Lugoba ilikuwa ya kwanza, kwa hiyo anwani yake ilianza na herufi ya kivuli, na hakuna anwani kama hiyo duniani. Mstari bandia ulikuwa unakula muhuri kwa niaba ya Lugoba.

Sitaubeza mstari huo. Ni utafiti halisi: mtu alibadilisha jambo moja, akaona matokeo, akarudia, akaandika onyo kwa atakayekuja. Kilichokosekana ni hatua ya mwisho, ya kuuliza kwa nini. Tiba yake ni neno moja: soma faili kwa "utf-8-sig", muhuri unaondolewa ukiwepo, na usipokuwepo hakuna kinachoharibika.

Atakayenijibu

Najua kuna fundi anasoma hapa na kusema: wewe upo maktaba, mimi nipo juu ya ngazi, bando linaisha, bosi anapiga simu, nikipewa maneno mawili yanayofanya kazi iende nitayaweka. Ana haki. Ujumbe wa makosa umeandikwa kwa Kiingereza cha ndani kabisa, hausemi ufanye nini, na anayeusoma ana dakika kumi. Mimi mwenyewe darasani nilikariri jedwali la ASCII kwa ajili ya mtihani, na nikamaliza shahada ya kwanza bila mtu kunieleza kwamba baiti na maandishi ni vitu viwili tofauti. Tofauti hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya Python 3 ivunje programu nyingi za Python 2, na tuliipita kama vile ni suala la kuweka mabano.

Kwa hiyo lawama yangu haimwendei aliyepesti. Inamwendea anayetoa dawa bila kusema inafanya nini. Kumwambia mtu "weka ignore" bila kuongeza "itakuwa inafuta vitu na hutajua" ni kama duka la dawa linalogawa vidonge bila maelezo. Maneno matano tu yangetosha.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi ambayo uhakiki wa haki hauwezi kuikwepa: kwa nini Telnet bado ipo? Telnet inapitisha nywila wazi. Yeyote aliyekaa katikati ya njia anaisoma kama kadi ya mwaliko. SSH, aliyoibuni Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 kwa sababu hiyo hasa, imekuwepo kwa zaidi ya miaka thelathini. Jibu la Msata ni vifaa: swichi za mitumba, nyingine zikiwa na mfumo usio na usimbaji fiche. Kwa Cisco za zamani, tazama jina la faili la mfumo. Kama lina "k9" ndani yake, SSH inawezekana. Kati ya swichi za rafiki yangu tulikuta nyingi zinayo, haikuwahi kuwashwa tu. Basi hata tungeitengeneza skripti ikawa safi kabisa, tungekuwa tumesafisha bomba linalopitisha siri hadharani.

Ingeandikwaje

Tulikaa naye jioni mbili, tukaiandika upya. Haya ndiyo tuliyoyabadilisha, na kila moja lina sababu yake.

Kwanza, vifaa vyote vyenye uwezo tukavihamishia SSH, tukatumia Netmiko, maktaba ya Python iliyotengenezwa kwa kazi hii. Inajua kungoja kifaa kiwe tayari, na mazungumzo ya awali hayatuhusu tena.

Pili, kwa vichache vilivyobaki na Telnet, tunashughulika na baiti kama baiti mpaka dakika ya mwisho. Tukikuta 255 tunasoma amri inayofuata, tunajibu kwa adabu kwamba hatutaki, tunaiondoa. Kinachobaki ndicho maandishi. Na hatugeuzi kipande kwa kipande. Mtandao hauahidi kwamba baiti tatu za herufi moja zitafika pamoja: mbili zinaweza kuja sasa, ya tatu sekunde ijayo, na ukigeuza katikati unapata kosa linalotokea leo na kupotea kesho. Tunakusanya mpaka tuone alama ya kifaa kusubiri amri, ndipo tunageuza.

Tatu, kisichoeleweka hakifutwi. Python ina njia iitwayo backslashreplace: baiti ngeni inaandikwa wazi, kwa mfano \x92, ndani ya faili. Inachukiza kuitazama, na ndivyo inavyotakiwa. Utajua kuna kitu hapo, na utajua ni kipi.

Nne, na hili ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu: skripti inathibitisha. Mpangilio kamili wa Cisco unaishia na mstari wenye neno "end". Kama faili halina mstari huo, skripti haiandiki "Imehifadhiwa". Inaandika "IMESHINDIKANA" na jina la tawi, na nakala nzuri ya mwisho haiguswi. Sharti hili lina mistari mitatu. Lingekuwepo, tungejua asubuhi ya kwanza, si baada ya miezi miwili, hata kama makosa mengine yote yangebaki.

Tano, nywila zimeondoka ndani ya skripti. Skripti iliyozunguka WhatsApp ikiwa na nywila ndani yake ni hadithi nyingine, tutaisimulia siku nyingine.

Hukumu

Basi skripti hii ni kazi ya namna gani? Toleo la kwanza ni zuri. La pili limekosea kwa uaminifu: halikujua itifaki, likasema halijui. La tatu ndilo baya zaidi, ingawa ndilo pekee lililokuwa "linafanya kazi". Ubaya wake hauko kwenye usimbaji. Uko kwenye kuvunja uhusiano kati ya maneno "Imehifadhiwa" na jambo la kuhifadhi. Programu ikishajifunza kufuta isichokielewa, haina tena namna ya kukuambia kwamba kuna jambo haijalielewa.

Swichi ya ng'ambo ya Wami ilirudi kazini baada ya siku mbili. Rafiki yangu aliipanga upya kwa kumbukumbu, kwa kufuata nyaya mlango kwa mlango, na kwa kuwapigia simu watu wa ofisini kuwauliza nani anakosa mtandao.

Kama una skripti ya namna hii, fanya jambo moja leo kabla ya kulala. Usisome ujumbe wake wa mwisho. Fungua faili la nakala ya jana, teremka mpaka mstari wa mwisho, uone kilichoandikwa pale.